Matabisi Haina Kilo

Hasira zangu ziko karibu, na hakuna kinachoziwasha kama kuambiwa kwamba kazi yangu ni kuchomeka waya tu. Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja tunayemwita Papa, mfanyabiashara wa maharagwe aliyetoka Kivu ya Kaskazini, nilipofika kwenye depo yake hapa Kisangani. Alikuwa na mizani ya kielektroniki ya zamani, yenye tundu la pini tisa, na alitaka kilo zionekane kwenye kompyuta yake ghorofani bila yeye kushuka. Nilimletea kijisanduku: huku unaingia waya wa mizani, kule unatoka waya wa mtandao. Kikishindwa, alisema, atautangazia mtaa mzima kwamba nimemuulia mizani. Na mtaa ule ndio ulionilisha.

Mwanzoni kompyuta ilitoa alama za ajabu ajabu. Mizani ilikuwa inaongea polepole, kijisanduku kinasikiliza mbiombio. Nikalinganisha kasi zao, kilo zikatokea. Nilijiona mfalme.

Ufalme haukudumu. Papa alishuka ngazi akihema.

"Technicien! Mashini yako iko nadanganya! Gunia inafika makumi mbili, inatulia, alors inapanda yenyewe!"

Nilifungua kila kitu, nikafunga tena. Jasho likanitoka. Wateja wakaanza kunitazama kwa huruma, na huruma ya mteja ni tangazo baya. Ndipo nikamtazama Yaya, dada mkubwa wa Papa, ambaye ndiye aliyekuwa akipima. Alisoma kilo, mama mmoja aliyetoka Yanonge akalipa, kisha Yaya akachota sahani ya maharagwe na kuimwaga ndani ya gunia lililokuwa bado juu ya mizani. Ndiyo matabisi, ile nyongeza ya mteja.

"Papa, ni matabisi ya Yaya," nikasema. "Mashini iko naiona."

Nilidhani atamgombeza dada yake. Alinigombeza mimi.

"Matabisi haina kilo! Ile ni ya muteja! Donc mashini yako haina adabu?"

Yaya aliguna. Mama wa Yanonge akatikisa kichwa, akinisikitikia.

Nilitamani kubisha, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipanga upya: kilo ziende ghorofani pale tu Yaya anapobonyeza kitufe, sahani ifuate baadaye. Papa akapanda, akatazama, akanipigia makofi dirishani.

Juma lile wenye depo za jirani waliniita mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeuliza habari za waya. Wote walitaka mashine inayojua kufumba macho.