Tumbo la Paka wa Mama Mkwe

Paka wa mama mkwe wangu aliharisha miezi miwili, na miezi yote miwili mimi ndiye niliyefua. Kazini nafua mashuka ya wageni wa loji, wale wanaorudi kutoka kuangalia wanyama kreta na vumbi lao. Jioni nilikuwa nikifika nyumbani hapa Karatu nakuta zulia, nakuta kanga, na siku moja nikakuta begi la safari la mume wangu.

Mume wangu ni dereva wa watalii na begi lake analipenda. Akatangaza kwamba safari zake za msimu zikiisha, paka anahamia Oldeani kwa rafiki yake mwenye stoo ya kahawa, akakamate panya huko. Mama yake hakupandisha sauti.

"Sawa," akasema. "Siku mtakayompeleka, mnipitishe na mimi kwangu Mbulu. Nyumba yangu bado ipo."

Nyumba ipo kweli. Ndimo alimoanguka mwaka jana, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja jioni kuazima jembe. Tulimleta kwetu na kapu la nguo na huyo paka, na tangu hapo alikaa kama mgeni. Aliketi alipokaribishwa, alikula alichopewa, kikombe chake cha maziwa cha asubuhi alikipokea kwa mikono miwili, na alishukuru mpaka inachosha. Mimi ni Mchaga wa Rombo, mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Nilimtaka yule bibi abaki. Kumwambia niliona haya, basi nikaamua kumtibu paka wake.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki na mabuti yake ya mpira, akasimama akimwangalia paka kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe. Tulimpimia ndani ya kapu kwa mizani ya muuza maharage. Akampa dawa ya minyoo, nami nikapata mikwaruzo mkononi. Wiki ikapita, tumbo ni lilelile.

"Basi ni chakula, dada," akaniambia aliporudi. "Andika kila anachokula, siku kwa siku. Na maziwa usimpe, paka wakubwa wengi yanawavuruga."

"Hatumpi kabisa," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayeijua nyumba yake.

Nikanunua daftari. Niliwashuku dagaa, nikawaondoa. Nikaondoa mchuzi, akabaki na ugali na nyama ya kuchemsha, na bado zulia likawa linanuka. Nikamshuku jirani kwamba anatupa utumbo wa kuku upande wetu, nikaenda kumwambia hivyo mlangoni kwake, tena watu wakisikia. Mwanamke yule hafugi kuku wala hali kuku. Ilibidi nirudi na mkungu wa ndizi kumwomba radhi.

Kisha mama mkwe akaenda Mbulu msibani, siku nne. Siku ya pili paka akapona. Nilifurahi hata nikampigia mume wangu simu kumweleza jinsi choo cha paka kilivyokuwa, akaniambia yuko na wageni mezani. Jumamosi mama akarudi. Jumapili paka akaharisha. Nikafungua daftari: chakula ni kilekile, aliyeondoka na kurudi ni mtu mmoja tu. Nilichemka. Paka ni wake, na ugonjwa wa kumfukuzisha anamtia mwenyewe!

Jumatatu nilimpa mama maziwa yake, nikaaga kwenda kazini, nikazungukia uani. Nikamkuta kwenye kigoda nyuma ya mlango, akimimina kikombe chote kwenye bakuli. Paka alishasimama tayari, mkia juu.

"Mama!"

Alishtuka, maziwa yakamwagikia kanga. Na mimi nikafunguka yote: zulia, begi, dawa, jirani niliyemdhalilisha bure. "Si unajua mwanao anataka kumwondoa huyu paka?"

"Najua. Kila siku namwombea."

"Sasa kwa nini unampa?"

Aliangalia kikombe. "Kwa sababu nikiyanywa mimi, naharisha mimi. Nimeyavumilia mpaka miezi miwili iliyopita, nikashindwa."

Nilipoolewa, wanawake wa mtaani walinifundisha kwamba mama mkwe wa Kiiraqw huheshimiwa kwa maziwa, umpe umepiga goti. Nikashika somo hilo kuliko wenyewe. Nilitafuta kikombe kikubwa kuliko vyote sokoni, nikakijaza hadi juu.

"Tangu nimezeeka tumbo langu halitaki," akasema. "Lakini mtoto wa watu ametoka kwao, kila asubuhi ananipigia goti. Nitamrudishiaje maziwa yake? Nitaonekana nimemkataa yeye."

Nilikaa chini palepale kwenye saruji nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mwaka mzima nilikuwa nikimletea ugonjwa nikiwa nimepiga magoti. Nikamuuliza angependa nini asubuhi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Chai ya rangi. Tangawizi nyingi. Na nichemshe mwenyewe, yako haina nguvu."

Sijawahi kufurahia kusemwa namna ile. Aliinuka, akaingia jikoni kwangu, akaanza kufungua makabati.

Ijumaa mume wangu alirudi kutoka safari ya mwisho ya msimu amebeba boksi kubwa lenye matundu, la kumsafirishia paka. Paka alikuwa amelala dirishani, mzima kwa siku tatu mfululizo. Mama alikuwa anatwanga tangawizi, na hakugeuka.

"Hilo boksi lipeleke Mbulu," akamwambia, "ukaniletee vyombo vyangu. Nyumba mpangishe mtu. Na kinu changu usikisahau, hiki cha mke wako ni kidogo."