Sauti Niliyoitanguliza

Mama yule aliingia dukani kwangu, Karatu mjini, asubuhi moja magari ya watalii yalipokuwa yameshapita kuelekea geti la hifadhi na kutuachia vumbi lao. Alikuwa ametoka Nainokanoka, kijiji cha wafugaji. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na memori kadi ya simu, ndogo kama ukucha.

"Takwenya," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia, kisha akanieleza shida yake akiwa bado amesimama. Simu ilikuwa ya mumewe, aliyefariki miezi michache nyuma. Ilidumbukia kwenye mbauti ya kunyweshea mifugo, ikafa, lakini kadi walifanikiwa kuitoa na kuikausha. Humo mlikuwa na sauti saba alizorekodi mzee akiwa mgonjwa kitandani, akitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na kusema ni wa nyumba ya mke yupi. Jumapili ukoo ungekaa. Shemeji zake walikuwa wanadai ng'ombe wa nyumba yake ni wa kuazimwa tu.

"Bila maneno ya baba yao, wanangu wanabaki na fimbo tupu," alisema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Siku zile nilikuwa najiona fundi wa mafundi.

Si kwamba sikujua. Nilishasoma chuoni Arusha kwamba ndani ya kompyuta kuna programu iitwayo draiva, inayosimama kati ya mashine na kifaa ulichochomeka. Ukiiagiza ilete mafaili saba, inayakata vipande, inavipanga foleni, na kuagiza vingi kwa mpigo kupitia waya bila kusubiri cha kwanza kijibiwe, ili waya usikae bure. Kifaa kikiwa kizima, ni raha tupu. Kikiwa kigonjwa, kipande cha mbele kinakwama na vya nyuma vyote vinasimama. Draiva inarudia, inarudia tena, mwisho inakata mawasiliano na kuanza upya, na foleni nzima inavunjika. Kila ikirudia, kadi inazidi kuchoka. Fundi mwenye akili akipewa kadi ya namna hiyo huomba kipande kimoja kidogo, husubiri jibu, ndipo huomba kingine.

Mimi nilichagua zote saba kwa pamoja. Ile ndefu kuliko zote nikaitanguliza, eti mzigo mzito uishe kwanza.

Mstari kwenye kioo ulisogea kidogo, ukasimama. Kadi ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Nilipoigusa ilikuwa ya moto. Niliogopa, na kilichonitisha zaidi ni kwamba yule mama hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa akinitazama mimi.

"Imekataa?"

"Inasuasua tu, mama. Tuiache ipoe."

"Umeziita zote mara moja?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa aibu.

"Kwetu ng'ombe zikija zote mara moja kwenye maji, zinakanyagana, na maji yanamwagika. Tunazizuia kule nyuma, tunaita chache. Zikimaliza, ndiyo tunaita zingine."

Nililipa ada miaka miwili kujifunza jambo hilo, na nililisahau kwa sababu nilitaka aone ninavyofanya kazi haraka. Nilianza upya, safari hii kwa sauti fupi, kipande kimoja kimoja. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, nilitegemea umeme wa ukutani. Kila jirani yangu wa kuchomelea mageti alipowasha mashine yake, taa ilififia na roho yangu nayo. Nilikwenda kumwomba apumzike. Akanicheka kwanza, akaniuliza kama kuna mgonjwa anafanyiwa upasuaji mle ndani, kisha akazima.

Kufika saa saba mchana zilikuwa zimetoka sita. Nilimsikilizisha. Sauti ya mwanamume ilitoka kwa Kimaasai, taratibu, ikikatizwa na kikohozi, na mama akajifunika mdomo kwa shuka. Kila ng'ombe wake alipotajwa aliitikia kidogo, kana kwamba anamwona akipita.

"Wapo wote," alisema mwishowe. Nilishusha pumzi. Nikadhani tumemaliza.

"Na ile ya saba?"

Ya saba ilikuwa ile niliyoitanguliza. Nilimuuliza kama nayo ni ya ng'ombe.

"Sijui. Hiyo sijaifungua hata siku moja," alisema. "Siku aliyoirekodi alinituma maji kwanza, ili abaki peke yake. Akaniambia niisikilize siku nitakapozoea kulala bila yeye. Bado sijazoea."

Nilirudi kwenye kadi. Niliomba kipande kidogo kabisa, nikasubiri. Kimya. Niliomba tena. Kadi ikapotea kwenye kioo, na haikurudi tena, hata nilipoibadilishia tundu, hata nilipoipeleka kwenye mashine nyingine.

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale, kwamba haraka yangu ndiyo iliyoichosha kadi. Hofu ikanishika ulimi, nikasema, "Maji yameiharibu, mama."

Alikaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyeinama kwenye mbauti simu ikiwa kifuani."

Nilichomoa waya, nikaanza kuukunja. Aliifunga kadi kwenye fundo lile lile, akachukua nakala ya zile sita kwenye kadi mpya niliyompa, akanishukuru na kuniombea heri.

Baadaye nilisikia kwamba ng'ombe walibaki nyumbani kwake. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini mpaka leo, nikimwona mama mwenye shuka anavuka barabara kuja upande wangu, nainama nyuma ya kaunta na kujifanya natafuta waya.