Viatu vya Mchungaji

Mpaka leo nikiviona viatu vya rangi ya maziwa nageuza uso, na mume wangu hapo hawezi kujizuia kucheka, kwa hiyo nawasimulia mwenyewe kabla hajaanza yeye (akisimulia yeye huniongezea machozi ambayo sikulia, au nililia kidogo tu).

Tulikuwa tunakaa Newburg, Louisville, huku Marekani, nimepata kazi kwenye ghala, naanza Jumatatu, lakini chekechea walisema wazi kwamba binti yetu Neema hawampokei akiwa na pampasi, na Neema alikuwa anakalia poti kama mgeni aliyepita kusalimia tu, anainuka poti ikiwa kavu, halafu anakwenda kumalizia kwenye zulia. Bila chekechea hakuna kazi, na mume wangu alikuwa ameshachoka kuibeba nyumba peke yake.

Ndipo mama mkwe akapanda basi kutoka Buffalo. Aliitazama ile poti, akaisukuma pembeni kwa mguu, akakaa ukingoni mwa bafu, akaiweka miguu yake pamoja, akamkalisha Neema juu ya nyayo zake na kuanza "ssss" polepole, kama alivyowafanyia wanawe wote kule milimani kwetu, na mtoto akakojoa palepale. Jamani, nilibaki mlangoni na taulo mkononi. Kufika Jumapili Neema alikuwa anakimbia mwenyewe kumtafuta bibi yake, nami kichwa kikavimba, nikaamua kumpeleka kanisani bila pampasi ili wamama waone (mama mkwe alisema nimvalishe, nikamwambia asiwe na wasiwasi).

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mchungaji wa kwetu kutoka Columbus, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, suti imenyooka, na viatu ndiyo hivyo vya rangi ya maziwa. Goti lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo aliongoza maombi akiwa amekaa mbele, kipaza sauti mkononi, miguu ameiweka pamoja. Sisi wengine wote tulikuwa tumesimama, tumefumba macho, tunaomba kwa sauti, mpaka nikashtukia mkono wangu haujashika mtu. Nikafungua jicho moja. Neema alikuwa ameshafika mbele, ameshusha nguo zake mwenyewe, amekaa juu ya viatu vya mchungaji, anamtazama usoni na kumsubiri aanze.

Nilikimbia, kiti kikaanguka, macho yote yakafunguka, nikanyoosha mikono nimnyakue, na mchungaji akaniinulia kiganja.

"Mama, usimushike. Atashituka, na kesho atakatala. Bon, acha amalize."

Kisha akamwinamia, kipaza sauti kikiwa bado karibu na mdomo, akafanya "ssss", na sauti hiyo ikatoka kwenye spika zote za kanisa, na mtoto akamaliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilishindwa pia kuacha kumtazama yule baba. Hakukunja uso. Alimpandisha Neema nguo, akavua viatu na soksi, akahubiri miguu mitupu kwenye zulia bila kulitaja jambo hilo hata mara moja, na sisi tulimsikiliza kama hatujawahi kusikia mahubiri. Mama mkwe alinisogelea tu na kuninong'oneza, "Unaona? Amekwenda mwenyewe."

Baada ya ibada nilikwenda kumwomba msamaha, nikajikuta namlilia kuhusu kesho, kwamba huko chekechea hakuna miguu ya kukalia na kazi yangu imeshapotea. Alinipa vile viatu vyake ndani ya mfuko.

"Hivi uviweke mbele ya poti. Donc, mutoto ataona kuko mutu mukubwa pale."

Jumatatu mwalimu Mmarekani aliviangalia vile viatu vikubwa, akaniangalia mimi, na Kiingereza changu hakikutosha kueleza. Neema akakalia poti, akatumbukiza miguu yake ndani ya viatu vya mchungaji, akajifanyia "ssss" mwenyewe. Tukasikia maji. Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono, na mimi nikaenda kazini.

Tangu hapo nimeapa, simringii mtu kwa mtoto ambaye hajakauka vizuri. Neema alipovizoea vyoo vya watu wote nilivisafisha vile viatu nikavirudisha Columbus, nikidhani atavivaa. Mchungaji akavituma Buffalo, kwa mama mwingine mwenye mtoto wa pampasi.