Shira Isiyotaka Mwiko

Binti yangu aliposimama mlangoni pa jikoni na kutangaza kwamba anataka tanghulu, nilisikia nusu ya neno tu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akafumba macho, kama afanyavyo kila ninapomwaibisha, ingawa hapakuwa na mtu mwingine zaidi yetu sisi na birika. Tanghulu, akarudia polepole, ni matunda ya Kichina. Unayatunga kwenye kijiti, unayachovya kwenye sukari iliyochemka, yakipoa yanavaa gamba gumu linalong'aa, ukiuma unasikia kacha! Alikuwa ameyaona kwenye simu. Siku hizi kila kitu kinaonekana kwenye simu, isipokuwa vyombo vichafu.

"Kwa hiyo ni mishikaki ya stroberi," nikasema.

"Siyo mishikaki."

"Ina kijiti?"

"Ina kijiti."

"Basi."

Majibu yake yote hayo aliyatoa kwa Kiingereza, mimi nimeyageuza tu. Ndivyo tunavyoishi hapa Erdington, mimi na yeye, kwenye nyumba yetu ya juu ya maduka: namwagia Kiswahili cha Tanga, ananirudishia Kiingereza cha Birmingham, na tunaelewana vizuri, hata kugombana tunagombana bila mkalimani. Anayeumia ni mama yangu. Kila Jumapili hupiga simu ya video kutoka Tanga, anamwita mjukuu wake, mjukuu anapunga mkono, anatabasamu, anatoweka. "Mtoto mzuri," mama alikuwa akisema, "lakini umenizalia bubu." Siku za karibuni aliacha utani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama atakufa kabla hajasikia tena hata neno moja kutoka kwa mtoto yule.

Na mkosaji nilikuwa namjua. Alipokuwa na miaka sita mtoto huyu alizungumza Kiswahili, tena hanyamazi. Siku ya Idi sebule ilijaa wageni, mmoja akamuuliza mama yuko wapi. Akasimama wima, akajibu kwa adabu zote: "Mama yuko jikoni, anapikwa."

Jamani! Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nikatoka na mwiko mkononi nikiuliza kama nimeshaiva. Ningeishia hapo yasingekuwa makubwa. Lakini hadithi ile niliitembeza. Niliipeleka Tanga kwa simu, niliipeleka harusini, niliipeleka mpaka kazini Sutton Coldfield kwa wenzangu Waingereza, ambao ilibidi kwanza niwafundishe sarufi ndipo wacheke. Jirani yetu wa chini, mama wa Kikongo asiye na baya na mtu, mpaka leo akikutana na binti yangu kwenye ngazi humsalimu, "Mama iko napikwa?" Mtoto akakifunga Kiswahili chake kama mtu anavyofunga duka. Sasa ana miaka kumi na mitatu, na mimi hata siku aliyofunga siikumbuki.

Turudi kwenye sukari. Jumapili ile alileta stroberi na zabibu kutoka dukani chini. Alizikausha moja moja kwa karatasi ya jikoni, kwa upole ambao sahani zangu hazijawahi kuuona, maana tunda likiwa na maji sukari haishiki. Akazitunga kwenye vijiti vyangu vya mishikaki. Nikakohoa. Akajifanya hajasikia. Akapima vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji, akabandika sufuria, akaniambia nisiguse chochote mpaka arudi na simu yake.

Mimi, kuambiwa nisiguse shira! Mimi niliyekulia kwenye visheti! Kwetu shira ni kazi ya mkono: unaichemsha, unatia iliki, visheti vinaingia, halafu unageuza na kugeuza mpaka sukari igande na kuvivika weupe. Ukiweka mwiko chini unaitwa mvivu mbele za watu. Nikaiona ile sufuria inatokota peke yake, haina mwenyewe, roho ikaniuma. Nikatupia iliki mbili. Simu ikalia, mama yangu huyo, nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi nikamwamkia. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa hauna kazi, nikachukua mwiko. Nilikoroga kidogo tu, wallahi, kidogo tu.

"Mama, usikoroge! Nimekwambia usikoroge!"

Mkono ukasimama. Sufuria yote ilikuwa imegeuka nyeupe, chenga tupu. Kwa visheti ningepewa sifa. Lakini sikuwa naitazama sufuria. Alichonipigia kelele binti yangu kilikuwa Kiswahili, kimetoka kizima na hasira zake, na ile "nimekwambia" ilikuwa yangu mwenyewe, ninayomtupia kila siku.

Kwenye simu, mama yangu akauliza, "Ni nani huyo anayemkaripia mwanangu?"

Binti yangu akajiziba mdomo. Hakuitazama simu, alinitazama mimi. Alikuwa anatafuta kicheko usoni pangu. Nami furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, lakini nilijua akiona jino langu moja tu, duka linafungwa tena. Nikauma mdomo.

"Ni mimi, Bibi," akasema.

"Amefanya nini?"

"Amekoroga. Mimi nasema usikoroge, yeye nakoroga. Sukari imekufa."

*Anakoroga*, ulimi ukaniwasha. *Imeganda*. Nikavuta kiti, nikakaa, mikono nikaikalia.

"Huyo hasikii tangu mdogo," mama akasema, kwa furaha ambayo mimi sijawahi kumpa. "Mwaga hiyo, anza upya. Na yeye asisogee."

Wakaanza upya, wao wawili. Sufuria ya pili ilichemka bila kuguswa na mtu, mapovu yakawa mazito, rangi ikawa kama chai ya rangi iliyozidi maji. Mama alitaka kujua kila kitu, na mtoto alimweleza kwa Kiswahili chenye matundu, penye tundu akaziba kwa Kiingereza, na mama, ambaye Kiingereza chake ni "thank you" peke yake, akaelewa yote. Tone likadondoshwa kwenye maji baridi, likawa gumu. Stroberi zikazama na kutoka zinang'aa, zikalazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta. Dakika chache baadaye binti yangu akachukua kijiti, akasogeza mdomo karibu na simu, akauma. Kacha!

"Nimesikia," mama yangu akasema. "Nimesikia, mjukuu wangu."

Akapenga kamasi, akarudi kwenye uchokozi wake. "Na mama yako yuko wapi? Mbona kimya?"

Binti yangu akageuka. Sukari ilikuwa imemganda kidevuni. Aliniangalia nilivyokaa pale kitini, nimekalia mikono yangu, akafikiri kidogo, halafu akairudia simu na kusimama wima.

"Yuko jikoni, Bibi," akasema kwa adabu zote. "Anapikwa."

Mama yangu alicheka mpaka simu ikamponyoka, tukabaki tunatazama dari la Tanga. Mimi sikucheka mpaka nilipoona mtoto mwenyewe anacheka.