Harambee ya Wasomaji

Kuna watu wakiamka humshukuru Mungu kwanza. Mimi nilikuwa nikiamka nashika simu, niangalie kama kuna mtu yeyote duniani aliyeninukuu nikiwa nimelala. Mara nyingi hakuna. Siku nyingine namba ilipanda kwa moja, nikaingia jikoni naimba, kisha nikafungua makala yenyewe na kugundua kwamba aliyeninukuu ni mimi.

Nafanya utafiti wa biokemia katika chuo kimoja hapa London. Mtafiti hupimwa kwa makala alizochapisha, na makala hupimwa kwa mara ambazo watafiti wengine wamezitaja katika zao. Zangu zilikuwa chache, na zilitajwa kwa nadra, kama shemeji mlevi. Mwaka huo mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni. Jopo la idara lingeamua nipewe kazi ya kudumu au nifungashe virago, na mkuu wa idara alikuwa amenidokeza, kwa upole wa Kiingereza, kwamba namba zangu zinahitaji kusaidiwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaamua kukitembeza.

Jumapili, kwenye kikao cha chama chetu cha Wakenya wa Edmonton, kaskazini mwa London, kile cha kusaidiana kwenye misiba na harusi, tulipofika kwenye mengineyo nikasimama. Utafiti wenyewe sikuueleza. Niliona watachoka bure. Nusu yao walikuwa wametoka zamu, na ukimwambia mtu mwenye usingizi "kimeng'enya" anaweza kudhani umemtukana. Nikasema tu kwamba kazi yangu iko hatarini kwa sababu sitajwi vya kutosha.

"Kwani hiyo ndiyo shida?" akauliza mama mwenyekiti, mkunga mstaafu anayeniita mwanangu. "Tuma link ya makala yako kwa group, tuifungue sote. Mcheza kwao hutunzwa."

Nilijua fika kwamba kufungua makala si kuinukuu. Nilijua, na bado nikatuma.

Loo! Watu wetu wakiombwa kuchanga, huchanga. Link ilitoka Edmonton ikaenda Luton na Reading, ikawafikia mashangazi wa Voi na Eldoret. Waliifungua makala ile kana kwamba wanampigia kura mtoto wao kwenye shindano la kuimba. Wengine wakagundua kwamba chini yake pana nafasi ya wataalamu kutoa maoni. Wakayatoa.

Siku ya jopo, mkuu wa idara aliwasha skrini. Grafu ya wasomaji wangu ilikuwa imelala kifudifudi miaka yote, kisha ghafla ikasimama wima. Akauliza kama kuna ugonjwa uliozuka kaskazini mwa jiji. Mwenzake alishuku kwamba nimekodi kompyuta ziniongezee wasomaji. Halafu wakashuka kwenye maoni, na nikaombwa niyatafsiri.

La kwanza lilisema "Amina." La pili: "Hongera Daktari, Mungu akuinue zaidi." La tatu: "Sijaelewa hata moja lakini kazi safi sana."

Niliyatafsiri yote kwa sauti kavu ya kisayansi, jasho likinitiririka mgongoni. Mkuu wa idara akauliza hawa ni akina nani. Nikamjibu kwamba ni watu wangu: wauguzi, wahudumu wa wazee, na dereva mmoja wa basi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo nikawapenda mno.

Kazi ya kudumu sikuipata. Ile namba iliyotakiwa, ya kunukuliwa, haikuwa imesogea hata kidogo.

Nilirudi chamani kuwaarifu, wakanishika mkono mmoja mmoja kama tuko matangani. Mama mwenyekiti akanimiminia chai. "Pole, mwanangu," akasema. "Lakini sasa tuambie, hiyo kitu tulikuwa tunafungua ilikuwa inasema nini?"

Nikaeleza. Kwenye ini kuna kimeng'enya, kitu kidogo sana ambacho kazi yake ni kuvunjavunja dawa mwilini. Kwa watu wengine, wakiwemo wengi wa kwetu, kinafanya kazi polepole, kwa hivyo dawa ile ile, kipimo kile kile, humponya mmoja na kumlemea mwingine. Mimi natafuta ni wapi kinapokwama.

Muuguzi mmoja akaanza kusimulia habari za mgonjwa wake. Mwingine akamkumbuka dadake. Dereva wa basi akataka kujua kama ndiyo sababu vidonge vyake vya presha humtia kizunguzungu, nikamwambia sijui, amuulize daktari wa kweli. Hakuna mkutano wowote wa wataalamu ambako nimewahi kuulizwa maswali mengi hivyo, na nilijikuta nayajibu nimesimama, mikono ikiruka hewani, chai nimeisahau.

Mama mwenyekiti alisubiri mpaka nikanyamaza.

"Kumbe unatafuta kitu cha maana hivi," akasema. "Mbona siku ile ulisimama hapa ukatuambia tu kwamba hutajwi?"