Mwisho Niliomwambia Damari

Bora angenitukana. Damari, mke wa Jailos, hakuwahi kuninyanyulia sauti, na ndiyo maana mpaka leo nikimwona njiani moyo unanisuta.

Alikuwa mwanamke wa kawaida. Alilima mahindi na maharage kwenye kilima nyuma ya Mwanjelwa, na Jumapili aliimba kanisani akiwa amefumba macho. Jailos, mtu wa rika langu, alikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini mwaka 1950. Zikaja barua mbili, kisha kimya. Mwaka wa sita baba yake Damari akachoka. Asukile, seremala mpole aliyefiwa na mke, alikuwa tayari kutoa ng'ombe, ili akina Jailos warudishiwe mahari yao na Damari awe huru kuolewa. Damari aliomba aachwe afikiri mpaka mavuno.

Mimi nilizunguka na gari la sinema la serikali, Mbeya mpaka Iringa, nikiwaeleza watu picha kwenye kipaza sauti. Nyingi zilihusu mbolea, vyoo na kuogesha ng'ombe. Siku moja tukaletewa picha ya mambo ya zamani ya Ulaya, enzi za magari ya farasi. Mke anamngoja mumewe aliyekwenda vitani. Kila jioni anatandika meza ya watu wawili, anakaa dirishani, na karibu hakuna anayesema neno.

Mdomo wangu hauwezi kukaa kimya. Pale Mwanjelwa nikaona watu wametulia, nikadhani wamechoka, kumbe mchovu wa akili ni mimi. Nikaanza mzaha. "Mama, kula sahani zote mbili, chakula kinapoa!" Watu wakacheka. Kicheko kikanilevya, nikaongeza: "Huyu si ndiye Damari wetu? Jailos, njoo, ugali umeota ukungu!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Damari alisimama katikati ya watu, akajifunga khanga vizuri, akaondoka polepole. Picha ilikuwa haijafika nusu.

Juma lililofuata tulikuwa Iringa, na mafua yalikuwa yameninyang'anya sauti. Ilibidi picha ijisemee yenyewe. Ndipo nami nikaiona. Nikaona mwanga wa dirisha ukimwangukia yule mama shingoni, na vidole vyake vikinyoosha kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimenyooka. Nikaona theluji ikifunika njia mpaka usijue njia ilikuwa wapi, kama ukungu wa milimani kwetu. Mwishoni anarudisha sahani moja kabatini, anafunga mlango wa kabati, basi. Mume harudi. Mzee Premji, mwenye duka, alivua miwani akaifuta kwa shati. Bibi mmoja wa Kihehe alilia waziwazi. Mimi nilijificha nyuma ya gari, nikalia kwa aibu. Nilikuwa nimemcheka mtu aliyestahili kupewa kiti.

Niliporudi nilikwenda shambani kwa Damari. Alikuwa akipalilia.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu."

"Ndaga, asante, shemeji. Yamekwisha." Aliegemea jembe. "Mimi kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba sikuona mwisho. Yule mama, mumewe alirudi?"

Nikainama, nikang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu.

"Najua ni maigizo," akasema. "Lakini aliyeyatunga anajua kungoja. Anajua hata namna ya kushika kitambaa. Nataka kujua yeye aliona nini mbele."

Alikuwa amenikazia macho. Nilijua ukweli ungemuuma, na mimi nilikuwa nimemuumiza vya kutosha. Nilitaka niondoke pale nikiwa mtu mwema.

"Alirudi," nikasema. "Alikuwa amekonda, lakini alirudi."

Damari alishusha pumzi, akatabasamu, akaendelea kupalilia.

Mavuno yalipokwisha alimwambia baba yake kwamba haolewi. Asukile hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata alioa Tukuyu, na sasa ana watoto wawili. Jailos hajaandika. Mara tatu nimekwenda mpaka mlangoni kwa Damari ili nimwambie kweli, na mara tatu nimeongea habari za mvua.

Jumapili iliyopita alinishika mkono nje ya kanisa, akanishukuru tena kwa kumwambia mwisho wa ile picha.