Mama Kasamehe, Shingo Yake Bado

Jamani, leo mama ameshindwa kutoa salamu ya kushoto kwenye sala ya adhuhuri. Shingo imegoma kugeuka.

Asubuhi pale Wawi alisimamisha gari kumpisha ng'ombe, gari ya nyuma ikatugonga.
Tulidhani ni taa tu iliyovunjika.
Dereva wa gari hiyo, mzee mmoja, alishuka. "Nisamehe, mwanangu."
"Yamekwisha, baba," mama akajibu mbele ya watu.
Wote tukasema alhamdulillahi, tukapeana namba za simu, tukaachana.

Kumbe shingo ilikuwa haijasema lake.

Nikamwambia twende polisi tukachukue PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, kisha hospitali, na bima ya mzee ilipie matibabu.
"Nimdai mtu niliyemsamehe? Kwa uso gani?"
"Umesamehe kosa, mama. Shingo hukuiuliza."
Akataka kucheka, ikamuuma.

Nikampigia mzee simu. Nilipomwambia tunakwenda polisi kwa ajili ya bima, ikakatika.

Nimembembeleza mama mpaka kakubali; sasa tuko kwenye benchi la kituo cha polisi, na vidole vya mama vinakufa ganzi. Naogopa, tuombeeni.
Hivi nyinyi mngerudi kudai?

Ngojeni. Mzee kaingia, karatasi za bima mkononi!
"Mwanangu, simu iliisha chaji. Pole sana."
Mama kamgeukia mwili mzima, kamwamkia.